Septiki, karo au shimo tu? Tujue tulichokifukia nyuma ya nyumba zetu

Mpangaji Mstaafu (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu.

Baada ya kupanga kwa miaka kumi na moja, mwaka huu nilifanikiwa kununua nyumba upande wa Kigamboni. Dalali na muuzaji waliniambia kwamba nyumba ina "septiki kubwa ambayo haijawahi kunyonywa tangu ijengwe", na maneno hayo yalisemwa kwa fahari, kama mtu anavyosifia paa lisilovuja. Nami niliyapokea kwa furaha ileile. Sikuuliza maji yanayoingia humo kila siku yanakwenda wapi.

Wiki ya pili ya masika, choo cha ndani kikaanza kugoma. Ukimwaga ndoo, maji yanapanda kwanza, yanatulia kidogo, kisha yanashuka polepole na kubakiza mstari kwenye ukuta wa bakuli. Nikamwita fundi. Akaja na mtaimbo, akauchomeka kwenye ukingo wa mfuniko wa zege uliokuwa umefunikwa na mchanga na majani ya mwembe, akaniambia nisimame upande ambao upepo unatoka. Mfuniko ulipoinuka nikaona nondo zake zimeliwa na kutu hadi zimebaki kama nyuzi, mende wakatawanyika, na ile harufu ya yai viza ikatujia. Ndani palikuwa na shimo moja la duara, upana wake kama mita mbili. Kuta zake zilikuwa za tofali zilizopangwa kwa kuachiwa nafasi kati ya tofali na tofali, mithili ya matundu ya njiwa. Fundi akatumbukiza mti mrefu ili apime kina; mti ulipofika chini haukugonga kitu, ulizama kwenye mchanga. Hapakuwa na sakafu, wala chumba cha pili, wala bomba la kutokea.

Akanitazama, akasema, "Bosi, hii siyo septiki. Hili ni shimo."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma kuhusu mashimo ya maji taka jioni baada ya jioni, hadi mke wangu amepiga marufuku mazungumzo hayo wakati wa chakula. Nimeona nilete hapa nilichokipata, kwa sababu naamini tatizo letu la kwanza ni la neno. Huku mjini tumezoea kuita septiki kila kitu kilichochimbwa ardhini kupokea maji ya chooni, kiwe na vyumba viwili au kimoja, kiwe na sakafu au hakina. Neno moja limebeba vitu vitatu tofauti, na mnunuzi wa nyumba ndiye anayeumia.

Kiingereza kina neno cesspool, ambalo ndilo linalolielezea shimo langu, lakini nalo lina mkanganyiko wake wa kuchekesha. Uingereza, neno hilo kwa sasa lina maana ya tangi lililozibwa kila upande, lisilo na njia ya kutokea hata tone, ambalo ni lazima gari lije kulinyonya kila linapojaa. Kanuni zao za ujenzi zinataka tangi hilo liwe na ujazo wa lita 18,000 kwa nyumba ya watu wawili, na kwa kila mtu anayeongezeka ziongezwe lita 6,800. Ukivuka bahari kwenda Marekani, neno hilohilo lina maana ya shimo ambalo kuta zake au sakafu yake imeachwa wazi makusudi ili maji yapenye ardhini. Kwa hiyo Mwingereza akitamka neno hilo anazungumzia shimo lisiloruhusiwa kuvuja, na Mmarekani anazungumzia shimo lililojengwa livuje. Shimo langu ni la Kimarekani.

Huko Marekani kwenyewe, mashimo ya aina hii yanayohudumia watu wengi, kama vile yale ya majengo ya ghorofa, shule au mahoteli, yalipigwa marufuku kujengwa upya kuanzia Aprili 2000, na yaliyokuwepo yalitakiwa kufungwa ifikapo Aprili 2005. Jimbo la Hawaii, ambalo ni visiwa vya miamba ya volkano na hutegemea sana maji ya ardhini, lina mashimo ya majumbani zaidi ya 80,000, na mwaka 2017 lilipitisha sheria ya kutaka karibu yote yabadilishwe kabla ya mwaka 2050. Nimetaja Hawaii kwa sababu nchi tajiri yenye fedha na wahandisi imejipa zaidi ya miaka thelathini kuyaondoa. Hilo linapaswa kutupa picha ya ugumu wa jambo lenyewe.

Ninaloomba kwa wenye ujuzi ni kunisaidia kwa mambo mawili: kwanza, tuyaweke sawa majina, pili, mnieleze nifanye nini na shimo langu, kwa sababu kisima ninachotumia kipo hatua kumi na nne tu kutoka hapo.

---

Bint Malindi

Ahsante kwa uzi huu. Mimi ni wa Unguja, na kwetu neno lipo na halina utata: ni karo. Kila nyumba ina karo lake. Likijaa, husema tumeleta gari kunyonya karo. Neno septiki tumelisikia kwa wajenzi wa siku hizi, na mara nyingi hutumika kwa nyumba za kupangisha wageni.

Nakubali kwamba ukilipeleka neno hilo bara utaleta vichekesho. Nilisoma Nairobi, na siku moja nilimwambia mwenzangu wa chumbani kwamba baba amechelewa kunitumia pesa kwa sababu karo limejaa nyumbani. Yeye kwa karo anajua ada ya shule tu, akaniuliza kwa huruma kama baba ana watoto wengi sana wanaosoma. Na huko Dar nimewasikia wakiita karo lile sinki la kuoshea vyombo. Kamusi zinazikubali maana zote tatu, kwa hiyo hakuna wa kumcheka mwenzake.

Ila nina neno kuhusu ardhi. Kwetu Unguja, mitaa ya Ng'ambo na hata Mji Mkongwe, tumekaa juu ya jiwe la matumbawe. Jiwe hilo lina nyufa na mapango, na maji yakiingia humo hayachujwi kama yanavyochujwa kwenye udongo. Yanapita kama kwenye bomba. Karo linalochimbwa kwenye jiwe la namna hiyo halijai kamwe, na watu hulipenda kwa sababu hiyo. Marehemu bibi yangu hakuwa msomi, lakini alikuwa haruhusu maji ya kisima cha uani yanywewe. Ni ya kufulia na kuoshea tu. Ya kunywa yalifuatwa kwenye mfereji, yaani bomba, hata kama ni mbali.

---

Mkaazi wa Zamani

Samahanini, mimi naona mnatishana bure. Shimo langu nimelichimba mwaka 2009, halijajaa mpaka leo, na familia yangu ya watu sita ina afya njema. Wazee walisema mavi ya kale hayanuki. Ardhi inajua kazi yake.

---

Bwana Afya

Ndugu Mkaazi wa Zamani, nimefanya kazi ya afya ya mazingira kwa miaka ishirini na nane kabla ya kustaafu, na sentensi yako nimeisikia katika kila wilaya niliyopangiwa. Naomba tupige hesabu kwa utaratibu, bila kugombana.

Chukulia shimo lako lina upana wa mita mbili na kina cha mita tatu. Ujazo wake ni kama lita 9,400. Chukulia kila mtu wa nyumba yako anatumia lita 80 kwa siku, kwa kuoga, kufua na choo, kiasi ambacho si kikubwa kwa nyumba yenye bomba. Watu sita watamwaga lita 480 kila siku. Shimo hilo, kama kweli lingekuwa linahifadhi, lingejaa ndani ya siku ishirini. Kwa mwaka mmoja umemwaga humo zaidi ya lita 175,000. Zidisha kwa miaka yako. Shimo lako halihifadhi chochote isipokuwa tope. Hayo mamilioni ya lita yamekwenda kwingine, na kwa kuwa hayakupanda juu, yameshuka chini na kutambaa pembeni. Ardhi inajua kazi yake pale inapopewa nafasi na muda wa kuifanya. Na methali uliyoitaja inahusu mavi yaliyokaukia juani. Ya shimoni hayakauki.

Sasa nirudi kwa mwanzisha uzi, aliyeomba majina yawekwe sawa.

Septiki halisi ni tangi lisilovuja, kwa kawaida la vyumba viwili, ambapo chumba cha kwanza huchukua karibu theluthi mbili ya ujazo wote. Uchafu ukiingia humo, mazito huzama na kuwa tope, mafuta na vitu vyepesi huelea na kutengeneza utandu mgumu juu, na katikati hubaki maji ambayo ni meusi kidogo lakini hayana vipande. Bomba lenye umbo la herufi T huchota maji hayo ya katikati na kuyapeleka chumba cha pili, ili utandu wala tope visipite. Tangi hupimwa ili maji yakae humo walau siku nzima, na wakati huo vijidudu vinavyoishi bila hewa huendelea kulila lile tope na kulipunguza. Likifanya kazi vizuri, septiki huwa imejaa maji siku zote. Mwananchi akifungua mfuniko akakuta maji yako juu, hudhani imeharibika na huita gari. Akikuta pakavu hufurahi, ilhali pakavu ndiyo dalili ya ufa.

Maji yanayotoka chumba cha pili bado yana vimelea tele. Hayo ndiyo huingia kwenye shimo la kunyonyea au kwenye mitaro yenye kokoto, na hapo udongo ndio hukamilisha kazi kwa kuyachuja taratibu, kwa sharti kwamba kuna udongo mkavu wa kutosha kati ya kitako cha shimo na maji ya ardhini. Miongozo ya huduma za dharura, ambayo sisi huitumia sana, hutaka walau mita moja na nusu hapo chini, na walau mita 30 kutoka shimo hadi chanzo cha maji. Kiwanja cha kawaida cha mjini kina mita 20 kwa 20. Hata ukiliweka shimo kona moja na kisima kona ya mbali kabisa, huipati mita 30 ndani ya uzio wako, achilia mbali shimo la jirani aliye nyuma ya ukuta, ambaye hukuulizwa alipochimba.

Karo, au hilo shimo la Kimarekani, limeunganisha hatua zote hizo katika tundu moja. Tope, mafuta na maji vyote vinakaa pamoja na kupenya pamoja. Mwanzoni hupenya haraka. Baadaye mafuta na tope huziba matundu ya tofali kuanzia chini kwenda juu, na ndiyo maana shimo lililokaa vizuri miaka kumi linaweza kufurika ghafla mwaka wa kumi na moja. Na kama limechimbwa hadi kufikia maji ya ardhini, kama yalivyo mengi ya ukanda wa pwani, basi hakuna uchujaji wowote. Umechimba kisima na kukitumia kama choo.

Mtaniwia radhi nikisimulia habari ya kale, maana ndiyo iliyonivuta katika kazi hii nikiwa kijana.

Mwishoni mwa Agosti 1854, kipindupindu kilizuka katika eneo la Soho, London, na kiliua zaidi ya watu 600. Wakati huo madaktari wengi waliamini kwamba ugonjwa huo huletwa na hewa mbaya. Daktari John Snow alishuku pampu ya maji iliyokuwa Broad Street, akaonyesha kwamba waliokufa walikuwa wameyanywa maji yake, na tarehe 8 Septemba mpini wa pampu ukaondolewa. Sehemu hiyo inajulikana sana. Isiyosimuliwa ni ya kasisi kijana wa mtaa huo, Henry Whitehead, ambaye hakumwamini Snow na akaanza uchunguzi wake mwenyewe ili kumpinga. Akawa anakwenda nyumba kwa nyumba, akikaa na wafiwa. Katika kuuliza, aligundua kwamba katika nyumba namba 40 ya mtaa ule, mtoto mchanga alikuwa ameugua kuhara siku chache kabla ya mlipuko, na mama yake alizifua nepi zake kwenye ndoo na kumwaga maji kwenye karo lililokuwa mbele ya nyumba.

Karo lile likafukuliwa. Tofali zake zilikuwa zimelegea kiasi cha kung'oka kwa mkono, na kati yake na ukuta wa kisima cha pampu palikuwa na umbali usiofika mita moja. Udongo wa katikati ulikuwa umelowa. Whitehead akabadili msimamo wake. Kwa maneno mengine, Snow alionyesha kwamba maji yaliua, lakini ni karo bovu lililoeleza jinsi maji yale yalivyopata sumu yake.

Na kuna mkasa mwingine, wa kijiji cha Lausen huko Uswisi, mwaka 1872. Homa ya matumbo ilizuka kati ya watu waliokuwa wakinywa maji ya chemchemi safi, ambayo hayakuwa na hata chembe ya taka. Mchunguzi akashuku kijito kilichochafuliwa upande wa pili wa kilima. Wakamwaga chumvi huko, na baada ya muda maji ya chemchemi yakawa na chumvi. Kisha wakamwaga unga. Unga haukutokea. Maana yake, ardhi ilikuwa imechuja kila kitu kinachoonekana kwa macho, na ugonjwa bado ulipita. Mtu anaponionyesha glasi ya maji ya kisima na kusema "yaone yalivyo meupe", nakumbuka ule unga.

---

Mfasiri wa Usiku

Naomba nichangie upande wa lugha, kwa sababu uzi umeanzia hapo.

Kazi yangu ni kutafsiri habari, na neno hili hunijia mara nyingi likiwa halihusu choo kabisa. Mwanasiasa wa Marekani au Uingereza husema kwamba wizara fulani, au mji fulani, au mtandao fulani wa kijamii, ni cesspool ya rushwa au ya chuki. Sisi katika vyumba vya habari tumezoea kuandika "dimbwi la rushwa". Nimeandika hivyo mwenyewe zaidi ya mara mia, na kila mara huwa nahisi nimepunja.

Dimbwi liko wazi. Mvua ikinyesha linatokea, bata wanaoga humo, jua likiwaka linakauka. Anayeliona analiona, na anayetaka analikwepa. Karo limefunikwa. Juu yake pamefagiliwa, pengine pamepandwa maua, na watoto wanaruka kamba juu ya mfuniko wake; uchafu wa nyumba nzima umekusanyika chini, na wenye nyumba ndio wanaojua. Mwingereza anapolitumia neno hilo kwa taasisi, anabeba vyote viwili, mkusanyiko na ile hali ya kufunikwa. Dimbwi limebeba kimoja tu. Jalala nalo halifai, kwa sababu jalala haliwezi kujificha.

Nimewahi kujaribu kuandika "karo la ufisadi". Mhariri wangu, ambaye ni mtu wa Nakuru, aliniuliza wamelipa ufisadi wa muhula gani.

Kwa maoni yangu, sitiari yetu iliyokaribia zaidi ni ile iliyoenea Tanzania mwishoni mwa mwaka 2015, wakati Rais Magufuli alipoanza kuzungumzia kutumbua majipu. Jipu lina usaha uliokusanyika, ngozi iliyofunika, na maumivu ya kulipasua. Sitiari hii haina choo ndani yake, lakini ina mfuniko. Tofauti ni kwamba jipu likitumbuliwa hupona, ilhali karo likinyonywa huanza kujaa siku hiyohiyo.

---

Dereva Bozi

Mzee Bwana Afya, shikamoo. Nimekuwa naendesha gari la maji taka kwa miaka tisa, na naomba niongezee ya barabarani.

Kwanza, mteja akipiga simu na kusema ana septiki, mimi huuliza gari litafika umbali gani na mfuniko uko wapi. Wengi hawajui mfuniko ulipo. Wamejengea banda juu yake, au wameweka pevingi, na tunaanza kugonga sakafu kwa nondo tukisikiliza mlio. Gari langu linabeba lita 10,000. Kwenye septiki iliyojengwa vizuri, mpira ukiingia, maji yanashuka, tope linafuata, na mwisho unaona sakafu. Kwenye shimo lisilo na sakafu, hasa huko Kigamboni na sehemu za bondeni wakati wa masika, unanyonya hadi gari linajaa, na kina hakijashuka hata dhiraa moja. Maji yanaingia kutoka pembeni. Mteja ananitazama kama mwizi, na mimi nimebeba maji ya ardhini kwenda kuyamwaga kwenye mabwawa ya Vingunguti, na yeye analipia.

Ukitaka kujua kama shimo lako limefikia maji ya ardhini, linyonywe jioni, funga matumizi ya maji usiku kucha, kisha lifungue asubuhi. Likiwa na maji, jibu umelipata. Hakuna maabara inayohitajika.

Pili, kuna mitaa ambayo gari haliwezi kuingia kabisa, na huko ndiko vyura wanakofanya kazi. Kwa wasiojua, vyura ni vijana wanaozama shimoni na kuchota tope kwa ndoo. Kazi hufanyika usiku. Humwaga mafuta ya taa kwanza ili kukata harufu, huchimba shimo jingine pembeni, na kulihamishia tope humo. Wapo pia wanaotapisha: wanasubiri mvua kubwa, wanatoboa ukuta wa choo upande wa mtaro, na mvua inabeba kila kitu kwenda kwa watu wa chini. Kila mtu wa mabondeni anajua sauti ya usiku wa kutapisha.

Tatu, na hili naomba lisichukuliwe kwa utani: msiingie shimoni. Ile harufu ya yai viza ni gesi ya haidrojeni salfaidi. Ikiwa kidogo unaisikia. Ikizidi, pua inakufa ganzi na huisikii tena, na mtu hudhani hewa imesafika. Anaanguka. Wa pili anashuka kumwokoa, anaanguka juu yake. Wa tatu naye. Nimefika eneo la namna hiyo mara moja nikiwa nimeitwa na gari langu. Walikuwa ndugu wawili na mpangaji wao, na chanzo kilikuwa simu iliyodondoka.

---

Mkaazi wa Zamani

Nimesoma hesabu za Bwana Afya mara mbili. Nauliza kwa heshima: kwa mtu ambaye shimo lipo tayari na fedha ni ya mawazo, aanzie wapi?

---

Bwana Afya

Umeuliza vyema. Anza na maji unayokunywa, kwa sababu hilo ni la leo na ni la bei nafuu. Kisima kilicho jirani na mashimo kitumike kwa usafi tu, na ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa hata kama yanatoka kwingine. Lakini fahamu kwamba kuchemsha huua vimelea, hakuondoi naitreti, kemikali ambayo hutokana na mkojo, hupenya kwenye udongo bila kizuizi, na ni hatari kwa watoto wachanga wanaokorogewa maziwa ya unga. Kwa hao, tafuta maji ya chanzo kingine kabisa.

Baada ya hapo, tenganisha mazito na maji. Jenga tangi dogo la vyumba viwili kabla ya shimo, lenye sakafu ya zege na plasta isiyopitisha maji, ili shimo la zamani lipokee maji ya chumba cha pili peke yake. Shimo lililofikia maji ya ardhini halifai hata kwa hilo. Lifungwe, na mahali pake pawekwe mitaro mifupi ya kokoto isiyo na kina kirefu. Pwani yetu hii, kwenda chini ni kosa. Mafundi wengi husifiwa kwa kuchimba kina kirefu, na mwenye nyumba hulipia kila futi kwa furaha. Penye maji ya juu, tangi hujengwa juujuu, hata likitokeza kama kibaraza.

Wenye udongo mweusi wa mfinyanzi, kama ule wa sehemu nyingi za Nairobi, wana tatizo la kinyume: udongo haunyonyi kabisa, na shimo hufurika mwezi wa pili tangu lianze kutumika. Kwao tangi lililozibwa la kunyonywa, yaani lile la Kiingereza, huwa ndilo chaguo lenye akili, ilimradi wakubali gharama ya gari.

---

Mpangaji Mstaafu (mwanzisha uzi)

Nawashukuru nyote. Narudi kutoa mrejesho.

Nilifanya jaribio la Dereva Bozi. Gari lilikuja saa kumi na moja jioni, likanyonya hadi likajaa, nasi tukafunga mita ya maji usiku mzima na kuoga kwa ndoo kwa jirani. Saa kumi na mbili asubuhi nilifungua mfuniko nikiwa na tochi. Maji yalikuwa yamerudi karibu mita moja na nusu, na yalikuwa maangavu; niliweza kuziona tofali za chini na mizizi ya mwembe ikielea katikati ya matundu yake. Yalinisikitisha kuliko yangekuwa machafu.

Fundi ameanza kujenga tangi la vyumba viwili, kina cha mita moja na robo tu, juu ya sakafu ya zege yenye wavu wa nondo. Shimo la zamani litanyonywa tena, litatiwa chokaa, kisha litajazwa kifusi na mchanga. Kisima nimekifunga pampu yake ya jikoni. Kimebaki cha kumwagilia.

Jambo moja limebaki. Nilipokuwa napima kwa futi kamba kutoka kisima changu, niligundua kwamba shimo la jirani wa nyuma liko karibu zaidi kuliko langu: mita tisa, ukuta ukiwa katikati. Nilikwenda kumweleza kwa adabu, tukakaa barazani kwake, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia kwamba lake halijawahi kujaa. Sikubishana. Nilimpa hesabu ya Bwana Afya kwenye karatasi, na mwenyewe akaanza kuzidisha kwa kalamu. Alipofika kwenye jibu alinyamaza kidogo, akageuka kutazama upande wa pili wa nyumba yake, ambako ana kisima alichokichimba kabla sijahamia, akaniuliza mimi kwangu nilitumia futi kamba ya mita ngapi.

Jumamosi asubuhi tunafungua mfuniko wake. Dereva Bozi, tafadhali nitumie bei ya gari kwa safari mbili.